Bahasha Si Kiini cha Uongo

Hapa mpakani hukumu imeshatolewa. Kuanzia foleni ya malori ya Malaba hadi vibanda vya spea vya Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, utaambiwa kwamba waandishi wa magari wamenunuliwa. Mtu akifungua ukurasa wa magari, akakuta gari limesifiwa kutoka taa za mbele hadi buti, hulikunja gazeti na kusema, "Huyu amekula." Wakala wa forodha husema hivyo, dereva wa transiti husema hivyo, na mwalimu wa Tororo anayeweka akiba anunue Toyota Noah husema hivyo hivyo. Tiba inayotajwa ni moja: wapatikane waandishi wasiopokea bahasha, nasi tutaambiwa ukweli.

Naipinga hukumu hiyo, na siipingi kwa kudai kwamba bahasha hazipo. Zipo. Muuzaji wa magari mapya humwalika mwandishi hotelini, humlaza, humlisha, humpa nauli ya kurudi, kisha hungoja makala. Huo ni uchafu na unapaswa kukoma. Lakini mchukue mwandishi msafi kabisa, asiyekubali hata soda ya muuzaji. Mpe gari jipya kwa siku mbili, aliendeshe peke yake kwenye lami, aandike alichokiona bila kuongeza wala kupunguza neno. Bado atampotosha mtu wa Mwello, wilayani Tororo, anayetaka gari la kubeba familia, mihogo na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Tororo. Upotoshaji umo katika gari lililochaguliwa kupimwa na katika namna lilivyopimwa. Ukibadilisha mwandishi ukayaacha hayo mawili, hujabadilisha kitu.

Ushahidi mzito wa jambo hili umetoka mbali na kwetu. Novemba 2008 jarida la Marekani, Green Car Journal, lilitangaza kwamba Volkswagen Jetta ya dizeli ndiyo gari bora la 2009 kwa kutunza mazingira, na mwaka uliofuata likaipa Audi A3 ya dizeli heshima ile ile. Septemba 2015 serikali ya Marekani ikafichua kwamba dizeli hizo zilikuwa na programu iliyotambua gari likiwa kwenye kipimo, ikapunguza sumu ya moshi. Barabarani zilitoa oksaidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Duniani kote yalihusika magari yapatayo milioni 11, na jarida likazifuta tuzo zake. Kiwanda hakikuhitaji kumhonga mwamuzi hata mmoja, maana ilitosha waamuzi wategemee majibu ya maabara. Waliofumbua fumbo hilo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga mitambo ya kupimia kwenye magari yenyewe na kwenda nayo barabarani. Hawakuwa watu waadilifu kuliko waandishi. Walipima mahali ambapo gari hutumika, basi.

Sasa tuje kwetu. Simama kwenye kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kile ambacho Rais Museveni na Rais Kenyatta walikizindua Februari 2018, uangalie magari yanayovuka kuingia Uganda. Yametoka Japani kwa meli, yameshuka Mombasa, na mengi yameendeshwa zaidi ya kilomita 900 na dereva aliyelipwa kwa safari, hata kabla mwenyewe hajayaona. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya 2018, hukubali gari ambalo halijafikisha miaka 15 tangu lilipotengenezwa. Hayo ndiyo magari ya msomaji, awe anayanunua kwenye yadi ya Kisumu au kwenye bondi ya Kampala. Fungua ukurasa wa magari uone kinachopimwa: gari jipya kabisa, la bei ambayo mshahara wa mwalimu hauifikii katika maisha yake yote ya kazi. Mwandishi anaweza kusema kweli tupu juu ya gari hilo, na kweli hiyo isimfae msomaji kwa lolote.

Wapo wanaojiona wamepata njia. Hao husoma majarida ya Uingereza, wakiamini huko hakuna bahasha. Probox, Noah, Wish, Premio na Raum za Toyota hazikuwahi kuuzwa rasmi Uingereza, kwa hiyo majarida ya huko hayakuwa na sababu ya kuzipima. Anayenukuu sifa za Toyota kutoka London ili kununulia Noah ya Kampala ananukuu habari za gari jingine lenye nembo ile ile. Na hapo ndipo inapozaliwa ile imani yetu kubwa kwamba Toyota ni Toyota, kana kwamba nembo ndiyo inayoamua injini, gia na umri.

Tathmini ya kweli ya magari haya ingekuwa na mambo ambayo hakuna jarida la Ulaya litakalotuandikia. Ingesema kwamba redio ya gari la Japani imetengenezwa kushika FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu hupanda hadi 108, kwa hiyo mtu wa Tororo hataisikia Rock Mambo yake kwenye 106.8 mpaka atakapotia kifaa kingine. Hilo ni dogo. Kubwa ni injini ya D-4 iliyomo ndani ya Noah nyingi za miaka ya 2000, injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na isiyovumilia mafuta machafu kama yale yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara. Kubwa zaidi ni gia za CVT, zinazotaka oili yake maalumu. Fundi akizimiminia oili ya kawaida ya gia za otomatiki, ameziua, na mwenye gari atalipia gia nzima. Vilevile mwongozo wa gari umeandikwa Kijapani. Mnunuzi hawezi kusoma ni oili gani inatakiwa wala inabadilishwa lini. Ukurasa mmoja wa gazeti uliofasiri jedwali la oili la mwongozo huo kwa Kiswahili ungeokoa injini nyingi kuliko makala 10 za kusifu viti vya ngozi.

Nimpe haki yake JM Baraza, ambaye katika Daily Nation alijijengea wasomaji kwa kuyajibu maswali ya watu wenye magari ya mitumba: gari hili linakula mafuta kiasi gani, lile gia yake itadumu, nichague lipi kati ya haya mawili. Wasomaji walimfuata kwa sababu alikuwa akizungumzia magari yao. Hata hivyo safu ya maswali na majibu ina mpaka wake, kwa kuwa anayejibu hutumia ujuzi alionao kichwani. Ninachokidai ni kipimo, gari likiwa mbele ya mpimaji.

Na katika vipimo, hakuna kinachopuuzwa kama uzito. Toyota ilipoitoa Probox mwaka 2002 ilikuwa gari dogo la kazi, lililoandikishwa Japani kubeba mzigo wa kilo 400 likiwa na watu wawili mbele. Magharibi mwa Kenya limekuwa teksi ya abiria wengi, na kila anayesafiri kutoka Busia kwenda Kisumu au Bungoma anajua jinsi tunavyobanana ndani yake. Toa wawili wa mbele. Wakibaki watu saba wa kilo 60 kila mmoja, hao peke yao ni kilo 420, kabla hujafunga gunia la mahindi na kuku nyuma. Gari linasimamaje likiwa hivyo, linapoteremka na mbuzi akakatiza? Breki zinahitaji mita ngapi zaidi? Springi za nyuma zinadumu miezi mingapi? Hayo yanapimika. Sijasoma gazeti letu lolote lililoyapima, na hakuna bahasha iliyolizuia, kwa maana hakuna muuzaji wa Probox mpya anayetoa bahasha. Kimya hicho kinatokana na desturi ya kazi: mwandishi hulipima gari akiwa peke yake, na mzigo wake ni begi la kamera.

Jambo hili linauma zaidi ukikumbuka mahali tulipo. Barabara hii ya kutoka Mombasa imejaa mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaliwekea lori kubwa kabisa kikomo cha tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Lori likizidi, halipiti bila faini. Tunapima saruji ya Tororo, tunapima mafuta, tunapima mchele. Gari la abiria ambalo gazeti limelisifu halijawahi kuwekwa kwenye mizani hata mara moja.

Tusidhani ni udhaifu wa Afrika. Wageni wanaovuka Malaba na magari ya kulala, yale yenye vitanda, jiko na tangi la maji, wanayachagua kwa kusoma majarida yaliyoandikwa kwa ajili yao tu. Huko Uingereza, kwa mfano, lipo jarida la MMM tangu 1966. Leseni ya kawaida ya gari dogo huko Ulaya inakomea kilo 3,500, na magari mengi ya kulala yameandikishwa kwa kikomo hicho hicho. Makala hueleza mapazia, taa, godoro na idadi ya vitanda kwa urefu, na uzito uliobaki kwa mizigo hupewa mstari mmoja ndani ya jedwali. Tangi la lita 100 likijaa maji ni kilo 100. Weka mitungi ya gesi, turubai, baiskeli mbili, chakula, na watu wanne ambao vitanda vinne vimeahidi kuwalaza. Gari linaweza kuvunja sheria kabla halijatoka uani. Mwandishi aliyeandika "linalala watu wanne" hakudanganya. Alihesabu vitanda, akaacha kuwapima watu.

Na sisi tunayo magari yetu ya jamii hiyo. Watalii wanaokwenda mbugani wengi huenda na HiAce iliyokatwa paa ili linyanyuke, abiria wasimame kupiga picha, au Land Cruiser iliyorefushwa na mafundi ikaongezwa viti. Mwili wa gari uliotoka kiwandani umekatwa na kuungwa upya. Makala za utalii husifu madirisha na friji ya vinywaji. Ni nani ameandika jinsi gari hilo linavyoegemea likikwepa ng'ombe kwa ghafla, limejaa watu na mabegi juu?

Kipimo cha kukwepa kwa ghafla kinajulikana na hakihitaji maabara. Oktoba 1997 jarida la Sweden, Teknikens Värld, lilifanya jaribio lake la siku zote: dereva anakata usukani kama anayemkwepa mnyama mkubwa aliyeingia barabarani, kisha anarudi upande wake. Mercedes A-Class mpya ikabinuka. Kampuni ilianza kwa kubisha, ikaishia kusimamisha uuzaji na kuyawekea magari yote mfumo wa kielektroniki wa kuyadhibiti yasiyumbe. Waandishi wale walikuwa na uwanja, koni za plastiki na abiria ndani ya gari. Uadilifu wao ulizaa matunda kwa sababu ulipewa kazi ya kufanya.

Hapo najua nitajibiwa: kampuni zikikasirika zitaondoa matangazo, na gazeti litakufa. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Aprili 2005 General Motors iliondoa matangazo yake katika Los Angeles Times baada ya safu ya Dan Neil kuiponda Pontiac G6 na wakuu wa kampuni. Neil alikuwa ameshinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia. Kufikia Agosti matangazo yalikuwa yamerudi. Kampuni inawahitaji wasomaji kuliko inavyokubali kusema. Njia nyingine ni ya jarida la Consumer Reports, linalochapishwa Marekani tangu 1936: halipokei matangazo, na magari ya kupimwa hulinunua kwa pesa zake bila kujitambulisha. Mwaka 1988 lilisema Suzuki Samurai, ndugu wa ile Suzuki ndogo ya jipu tunayoijua huku, ina hatari ya kupinduka. Likashtakiwa 1996, kesi ikaburutwa hadi 2004, wakapatana bila jarida kulipa hata senti. Walisimama miaka yote hiyo kwa sababu walikuwa na rekodi ya walivyoliendesha gari na lilivyofanya. Maoni matupu yasingewafikisha popote.

Hili ndilo jibu langu kwa wale wanaosema tusafishe kwanza mioyo, vipimo vitafuata. Januari 2014 chama kikubwa cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kilikiri kwamba kura za wasomaji wa jarida lake zilichezewa. Volkswagen Golf ilitangazwa kupata kura 34,299, na kura halisi zilikuwa 3,409. Mkuu wa mawasiliano akajiuzulu. Huo ulikuwa uongo wa makusudi, na ulikamatika kwa sababu ulikuwa na tarakimu ambazo mtu aliweza kwenda kuzihakiki. Sifa kama "linatulia barabarani" au "lina nguvu za kutosha" haziwezi kukamatwa na mtu yeyote. Aliyehongwa na asiyehongwa huandika maneno yale yale, na msomaji hana njia ya kuwatenganisha. Andika kwamba gari lenye watu watano na kilo 150 za mizigo lilitumia lita kadhaa kutoka Malaba hadi Jinja, na kesho yake dereva mwingine anaweza kuirudia safari ile akakuumbua. Kipimo kinamlinda mwandishi mwaminifu na kumfunga yule asiye mwaminifu. Mnaotaka bahasha zife, anzeni hapo.

Kuna wengine wamekata tamaa kabisa na magazeti. Husema muulize fundi, au muulize mwenye gari. Nawaheshimu mafundi wetu, ila fundi huona magari yaliyougua tu, na gari lisiloharibika halifiki kwake. Gari ambalo wengi wanalo litaonekana bovu kuliko lile ambalo watu wawili tu wanalo wilaya nzima. Mwenye gari naye amelinunua kwa mkopo wa SACCO, mkewe anauliza, majirani wanatazama. Ni nadra mtu kukiri hadharani kwamba alichagua vibaya. Kazi ya kulinganisha gari na gari, kwa kipimo kimoja, katika barabara moja, haina mtu mwingine wa kuifanya isipokuwa mwandishi. Ndiyo maana kulisusia gazeti kwa kusema "wote waongo" kunampa faida muuzaji wa yadi. Mnunuzi aliyekataa kusoma huishia kumsikiliza shemeji na dalali.

Muda nao uzingatiwe. Gari la kuazimwa siku mbili ni kama mchumba siku ya posa: kanzu imepigwa pasi, na kila aliyefuatana naye amefundishwa la kusema. Busha hazijalegea, vumbi halijaingia kwenye milango, betri haijapitia mwaka. Makala isiyorudi kwa gari lile lile baada ya mwaka, haina haki ya kutumia neno "imara".

Nawageukia wahariri wa Nairobi na Kampala. Msiniambie hamna pesa za kununua magari. Magari yapo hapa, yana wenyewe, na wengi watakubali kuyatoa kwa siku moja mkiwajazia tangi. Chukueni Noah ya miaka 12 iliyokwisha kutembea, mtafute mizani ya kupimia mazao, mpakie watu na magunia, mwende nayo Mwello kwenye vumbi na mrudi nayo kwa lami. Ingieni kwenye duka la spea Busia upande wa Kenya, kisha vukeni, muulize bei ya shoku ile ile upande wa Uganda, mchapishe zote mbili. Andikeni juu ya makala gari lilikuwa la nani, nani alilipa mafuta na nani alilipa chakula cha mwandishi. Mkialikwa na muuzaji, semeni mlialikwa. Kazi yote hiyo ni ya siku tatu na gharama yake ni ndogo kuliko chumba kimoja cha hoteli za uzinduzi.

Nawe msomaji, unapoichukua makala ya magari, iulize mambo manne: gari hili lilikuwa la nani, lina umri gani, lilibeba kilo ngapi, na lilikwenda kilomita ngapi katika barabara gani. Isipoyajibu hayo, usiitumie kununulia gari, hata kama aliyeiandika unamjua kuwa hajawahi kupokea bahasha ya mtu.